Mwenzio Kwanza, Cheo Baadaye

Kuruta wa Australia wa mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, alipewa kofia pana iliyokunjwa ukingo wa kushoto, buti, bunduki na mshahara wa shilingi sita kwa siku. Askari wa kawaida wa Uingereza alianzia shilingi moja, kwa hiyo haikukosekana midomo ya kumtania Mwaustralia kuwa ni mtalii wa kulipwa. Alikuwa mkata miwa, mchunga kondoo, karani au mchimba madini, na alikwenda kwa hiari yake. Mara mbili, 1916 na 1917, wananchi waliulizwa kwa kura kama vijana walazimishwe kupigana ng'ambo. Mara zote mbili walikataa.

Katika jeshi hilo la waliojitolea, desturi moja ilizaa nyingine zote: uswahiba. Huko Gallipoli, Uturuki, walikotua alfajiri ya 25 Aprili 1915, maji yalikuwa haba na nzi tele. Chakula kilikuwa nyama ya kopo na biskuti ngumu, ambazo wengine walizisaga zikawa uji. Kopo la jemu likiisha lilijazwa baruti na vipande vya chuma, likawa bomu la kurusha kwa mkono. Kifurushi kilichotoka nyumbani kilikuwa cha wote. Jioni, kama mizinga imetulia, walikaa duara wakirusha sarafu mbili hewani na kubahatisha zitaangukaje.

Mkubwa hakuheshimiwa kwa nyota za begani peke yake. Kupiga saluti kuliwawia vigumu, na maofisa wa Kiingereza walilalamika sana. Mahakama za kijeshi ziliwahukumu kifo askari wa Australia zaidi ya 100, lakini hakuna aliyepigwa risasi, maana sheria ya kwao ilitaka kwanza idhini ya Gavana Mkuu.

Uswahiba huo ulionekana waziwazi Septemba 1918, nchini Ufaransa. Vikosi vilikuwa vimepukutika, na amri ikatoka kwamba baadhi vivunjwe, watu wake wagawiwe kwingine. Askari wa vikosi kadhaa, kikiwemo cha 37, wakagoma. Hawakukataa kupigana, walikataa kutenganishwa. Wakachagua viongozi wao wenyewe, wakadumisha nidhamu, na wakuu wakalazimika kuiahirisha amri hiyo hadi baada ya mapigano yaliyofuata.

Hata hivyo, uswahiba ulikuwa na mpaka. Wenyeji asilia wa Australia waliofaulu kujiandikisha, ingawa kanuni ziliwazuia, walilipwa na kulishwa sawa na wenzao. Waliporudi nyumbani, wengi walinyimwa mashamba yaliyogawiwa maaskari wazungu.

Nyumbani, msiba nao ulikuwa na taratibu zake. Habari ya kifo ililetwa na mchungaji au padri, hata familia zenye kijana vitani zikawa zinaogopa kumwona akiingia mtaani kwao. Nchi yenye watu wasiofika milioni tano ilipoteza takriban 60,000. Maiti hazikurudishwa, zilizikwa ziliko. Mzazi aliruhusiwa maneno ya kuchongwa kaburini yasiyozidi herufi 66, na wengi hawakuwahi kuliona jiwe lenyewe. Ndiyo maana miji midogo, hata vijiji, ilijenga minara yenye majina ya vijana wake. Aliyekosa kaburi la kuzuru aliweka shada hapo.

Kila 25 Aprili watu huamka usiku na kukusanyika penye minara hiyo kabla ya mapambazuko, saa ileile ya kutua Gallipoli. Hubandika kijitawi cha rozmeri kifuani, tarumbeta hulia, kisha kimya. Baadaye baadhi hunywa kahawa iliyotiwa ramu, na mchana sarafu mbili hurushwa tena. Katika jimbo la New South Wales, hiyo ni mojawapo ya siku chache ambazo sheria inauruhusu mchezo huo.

Kwenye Makumbusho ya Vita mjini Canberra, kuta za shaba zimeandikwa majina zaidi ya 100,000 ya waliokufa katika vita mbalimbali. Yamepangwa kwa vikosi, bila cheo wala nishani. Jina la jenerali halizidi la kuruta kwa herufi wala kimo. Wageni huchomeka maua mekundu kwenye nyufa kandokando ya jina wanalolitafuta, na aliyekufa mbali na mama yake hukutwa bado yumo katikati ya wenzake.