Uwezekano wa Vitu Vinavyopimwa

Wanachuo wengi huielewa hesabu ya uwezekano maadamu mifano yake ni shilingi na dadu. Shida huanza pale wanapotakiwa kueleza uwezekano wa kitu kinachopimwa, kama vile urefu, uzito au muda. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha njia ya kuivuka shida hiyo kwa vifaa vinavyopatikana katika darasa lolote.

1. Kuhesabu na kupima

Idadi ya ndugu wa mtoto huhesabiwa: ni 3 au 4, wala hakuna namba ya katikati. Urefu wake hupimwa. Tunapoandika kwamba mtoto ana urefu wa sentimita 132, maana yake ni kwamba urefu huo umo kati ya 131.5 na 132.5, kwani tumepima kwa kukadiria sentimita iliyo karibu. Baina ya vipimo viwili vyovyote daima kuna kipimo kingine. Kigeu nasibu cha aina ya kwanza huruka kutoka namba hadi namba. Cha aina ya pili huendelea bila kukatika.

2. Zoezi la uzi

Kila mwanafunzi akate uzi anaoukisia kuwa na urefu wa sentimita 30, bila kutumia rula. Kisha nyuzi zipimwe, na vipimo vigawanywe katika makundi yenye upana wa sentimita 2. Tuseme nyuzi ni 40, na 10 kati yake zimeangukia baina ya sm 28 na sm 30. Hizo ni 10/40 ya nyuzi zote, yaani 0.25. Katika mchoro, nguzo ya kundi hilo ipewe eneo la 0.25, kwa kuwa upana wake ni 2, kimo chake kitakuwa 0.125. Tukifanya hivyo kwa kila kundi, jumla ya maeneo yote itakuwa 1.

Kama nyuzi zingekuwa maelfu kwa maelfu, na makundi yakafanywa membamba zaidi na zaidi, ngazi zilizo juu ya nguzo zingelainika zikawa mkunjo mmoja. Huo ndio mkunjo wa densiti ya uwezekano.

3. Eneo ndilo uwezekano

Tuseme basi hufika wakati wowote katika dakika 20 baada ya kengele, bila wakati mmoja kupendelewa kuliko mwingine. Mkunjo hapa ni mstari mlalo. Ili eneo liwe 1, kimo chake sharti kiwe 1/20. Uwezekano wa basi kufika baina ya dakika ya 5 na ya 8 ni 3 × 1/20, yaani 0.15. Je, uwezekano wa kufika dakika ya 5 barabara, bila kuzidi wala kupungua hata kidogo? Upana ni 0, kwa hiyo eneo ni 0. Ndiyo maana kwa kitu kinachopimwa tunauliza daima: kati ya wapi na wapi?

Sasa tupime kwa saa. Dakika 20 ni 1/3 ya saa, hivyo kimo kinakuwa 3. Uwezekano hauwezi kuzidi 1. Kwa hiyo kimo si uwezekano. Lakini dakika 3 ni 1/20 ya saa, na 3 × 1/20 ni 0.15 vilevile.

4. Tahadhari

Mkunjo wenye umbo la kengele ulitumiwa na Gauss mwaka 1809 katika kushughulikia makosa ya vipimo vya wanafalaki, na mwaka 1846 Quetelet wa Ubelgiji akautumia kwa vipimo vya vifua vya askari wa Uskochi. Umependwa mno, hata wako walimu wanaolazimisha alama za darasa zifuate umbo hilo: wachache juu, wengi katikati, wachache waanguke. Hilo ni kosa. Mkunjo hueleza vipimo vilivyopatikana, hauviamuru. Darasa lililofundishwa vema laweza kujaa upande wa juu, na hakuna kanuni ya takwimu inayodai mtoto ashindwe ili mchoro upendeze.

Zoezi: Rudia mfano wa basi kwa muda wa dakika 30. Tafuta kimo cha mkunjo, kisha uwezekano wa basi kufika katika dakika 6 za mwanzo.