Wimbi Lirudilo Nyuma

Niliposema kuna wimbi ambalo vilele vyake hurudi nyuma huku nguvu zake zikienda mbele, wenzangu walicheka, nami sikuweza kujitetea. Basi leo najibu.

Bomba la metali lisilofika upana wa nusu ya urefu wa wimbi la redio halipitishi wimbi hilo, hufifia mlangoni. Lakini mwaka 2002 Ricardo Marqués na wenziwe, huko Sevilla, Hispania, walipanga ndani ya bomba kama hilo vipete vya metali vyenye pengo. Wimbi likapita! Kila kipete kina mpigo wake wa umeme. Mpigo wa wimbi ukiuzidi kidogo, usumaku wa kipete huupinga ule wa wimbi, ndipo vilele hukimbilia chanzo. Mbunifu huanza na kipete: kikiwa kikubwa, mpigo hupungua. Taabu ni kuwa nafasi yenyewe ni finyu mno. Mpigo ukipanda zaidi, mlango hufungwa tena.