Supu ya mboga jioni: Sufuria moja, mabakuli tofauti

JIONI ikiingia Kasulu na Kibondo, baridi ya nyanda za juu za Kigoma huikusanya familia jikoni. Mlo uliozoeleka ni ugali wa muhogo na maharage, au sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese. Kwa aliyeshinda na jembe shambani, chakula hicho ni halali yake. Kwa aliyeshinda amekaa dukani, ofisini au kwenye bodaboda, nguvu isiyotumika hugeuka mafuta mwilini, na uzito ukizidi huongeza hatari ya shinikizo la damu na kisukari.

Gramu 100 za unga wa muhogo zina kalori zipatazo 340. Kijiko kikubwa cha mafuta, yawe ya mawese au alizeti, kina kalori 120 hivi. Bakuli la supu ifuatayo lina takriban kalori 100.

Mahitaji (watu wanne)

• Robo ya kabichi ndogo
• Karoti 2 na nyanya 2
• Kitunguu 1, punje 2 za kitunguu saumu na tangawizi kidogo
• Kipande cha boga cha ukubwa wa kiganja
• Fungu 1 la mchicha (lengalenga)
• Mafuta kijiko kikubwa 1
• Chumvi nusu kijiko cha chai
• Maji lita moja na nusu

Namna ya kupika

Kaanga kitunguu, saumu na tangawizi kwa mafuta hayo. Weka nyanya, funika ziive. Ongeza karoti, boga na maji, chemsha dakika 15. Tia kabichi, baada ya dakika 5 weka mchicha na chumvi. Acha dakika 3, kisha epua na kamulia limao.

Usitie kisamvu kwenye supu hii. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, hivyo hutaka kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu.

Jihadhari pia na viungo vya mchuzi vya dukani, kwani vingi vina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai.

Mtu mzima aongeze nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa kwenye bakuli lake. Maharage hushibisha na kumwepusha kuamka usiku akitafuta kiporo.

Mtoto apakuliwe tofauti

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini. Kinachomsaidia baba kupunguza kitambi kinaweza kumdhoofisha mtoto. Tumbo la mtoto mdogo hujaa haraka, na likijazwa maji ya supu, chakula cha kumkuza kinakosa nafasi.

Kwa mtoto aliyeanza kula, kuanzia miezi 6, chota mboga bila maji mengi. Ziponde pamoja na maharage na kipande cha ndizi ya kupika au kiazi, kisha ongeza unga wa dagaa na kijiko kidogo cha mawese. Mawese mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yake husaidia vitamini hiyo kufyonzwa. Aendelee pia kunyonya.

Mjamzito na mama anayenyonyesha nao wasipunguze chakula. Wanywe supu hii pamoja na mlo wao wa kawaida, si badala yake.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua ghafla, sukari inaweza kushuka usiku. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi na kuchanganyikiwa.

Kwa wengine, anza na jioni mbili au tatu kwa wiki, na familia nzima ile pamoja. Kinachotofautiana ni kinachoongezwa kwenye kila bakuli.