Programu ya Kuhesabu Karatasi: Juu ya Nini Tunaijaribu Kwanza?



Tangu mwanzo wa muhula huu wengi wenu munatusimamisha kiwanjani na kutuuliza neno moja: "Seva mpya imefika, imprimanti iko, juu ya nini tungali tunaandika majina kwenye daftari la biro?" Wengine wanasema kwamba sisi wakubwa wa wanafunzi tunaficha mashini kwa faida yetu. Si kweli. Tulipewa kazi ya kuijaribu programu kabla haijafunguliwa kwa wote. Leo tunataka kueleza kazi hiyo ni nini, na ndani yake tuliona nini.

1. Zamani ilikuwa namna gani

Wazee waliosoma mbele yetu walijua ronewo. Sekretari alipiga stensili kwa mashini ya kuandika, akaifunga kwenye silinda yenye wino, akazungusha mkono, na karatasi zikatoka moja moja. Kazi ya namna hii inatukumbusha David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi London, na ambaye mwaka 1881 aliandikisha kalamu yenye kigurudumu ya kutobolea stensili.

Wakati wa ronewo kuhesabu karatasi hakukuwa na shida. Aliyezungusha mkono aliona kwa macho yake rami ya karatasi inavyopungua, na alijua ni nani amemtuma. Leo kompyuta nyingi zinatuma kazi kwenye imprimanti moja, na hapana mtu anayesimama pale kuona. Karatasi zikiisha kabla ya mitihani, kila darasa linashitaki darasa lingine. Njo sababu tulihitaji kitu cha kuhesabu.

2. Seva inafanya nini

Fikirini bomba la maji la mtaa. Watu wanafika na bidoni zao, lakini bomba ni moja. Mwenye bomba anawapanga kwenye mstari, anaandika ni nani amejaza bidoni ngapi, na anapokea pesa. Seva ni kama huyo mwenye bomba. Ni kompyuta isiyo ya mtu mmoja, inayotumikia kompyuta zingine zote. Juu ya karatasi iko na kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni foleni. Watu watano wakituma kwa wakati mmoja, seva inaziweka kazi zao kwenye mstari, moja nyuma ya nyingine.

Kazi ya pili ni tafsiri. Kompyuta na imprimanti hazisemi lugha moja. Katikati kuna programu ndogo inayoitwa draiva. Inafanya kama mkalimani kanisani: mhubiri anasema Kifaransa, mkalimani anasema Kiswahili. Mkalimani akikosa, mkutano wote unasikia maneno yasiyoeleweka. Vilevile draiva ikikosa, imprimanti inatoa alama za ajabu au haitoi kitu.

Kazi ya tatu ni hesabu. Seva inaandika jina la mtumaji, saa, na idadi ya kurasa. Kila mwanafunzi akipewa kurasa 30 kwa mwezi, seva inatoa zile alizotumia na kumfungia mlango zikiisha.

Programu za namna hii si jambo la jana. PaperCut, inayojulikana katika shule za nchi nyingi, ilianza Australia mwishoni mwa miaka ya 1990, na shida iliyoizaa ilikuwa hii yetu, karatasi kupotea shuleni. Mwaka 1999 Michael Sweet, Mmarekani, alitoa CUPS, ambayo kila mtu anaweza kuitumia bila malipo kwenye kompyuta za Linux. Kampuni ya Apple iliitia katika kompyuta zake mwaka 2002. Nayo pia iko na uwezo wa kumwekea kila mtu mpaka wa kurasa.

3. Seva mpya inaleta mambo mapya

Mutasema: "Kama programu hizi zinatumika dunia yote, kujaribu tena kwa nini?" Sababu ni kwamba programu iliyofanya kazi vizuri kwenye seva moja inaweza kukwama kwenye nyingine. Mfumo mpya, draiva ya zamani, imprimanti iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika: vitu hivi vitatu havijawahi kukaa pamoja.

Tunatoa mfano. Mwezi wa Machi 2021 Microsoft ilituma marekebisho ya Windows 10. Watu wakayapokea bila wasiwasi. Kisha, waliokuwa na draiva za imprimanti fulani, kama za Kyocera na Ricoh, walipotaka kutoa karatasi kompyuta ilizimika mbele ya macho yao na kuonyesha kioo cha buluu. Imprimanti haikuwa na kosa. Kilichobadilika ni mfumo uliokuwa chini yake.

Mfano wa pili ni wa wale waliotegemea huduma ya mbali. Google ilikuwa na huduma ya kutoa karatasi kwa njia ya intaneti, iliyoitwa Google Cloud Print. Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, na wote walioitegemea wakalazimishwa kutafuta njia nyingine. Kwetu Goma neno hili ni zito zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wetu ulikaa siku nyingi bila kuriani, bila maji na bila intaneti. Kwa hiyo seva yetu iliwekwa hapa shuleni, ndani ya chumba chenye kufuli, kusudi ifanye kazi hata kama intaneti haipo, maadamu kuriani ingaliko.

4. "Beta" maana yake nini

Alfa na beta ni herufi mbili za kwanza za Kigiriki. Watengenezaji wa programu wanaita jaribio la alfa lile wanalofanya wao wenyewe nyumbani kwao. Jaribio la beta ni lile la pili: programu inatolewa kwa watu wachache wa nje, watu wa kweli wenye kazi za kweli, kusudi waseme ni wapi inakosa. Yule aliyejenga nyumba anajua mlango uko wapi na hajikwai. Mgeni njo anajikwaa, na akijikwaa tunajua kwamba kizingiti ni kibaya.

Sisi tulikuwa watu kumi na wawili, wafinalisti na wanafunzi wa madarasa ya chini, pamoja na walimu wawili. Tulijaribu kwa majuma matatu. Hatukungoja mashini ikosee yenyewe, bali tuliitafutia makosa hivi:

a) Kutuma ukurasa mmoja, kisha kurasa 40 pande mbili.
b) Kutuma watu watano kwa dakika moja.
c) Kukata kazi ikiwa katikati.
d) Kuacha karatasi ziishe, kisha kuongeza.
e) Kumtuma mwanafunzi aliyemaliza kurasa zake, kuona kama atafungiwa.
f) Kukata kuriani wakati imprimanti inafanya kazi.

Pembeni tuliweka daftari. Kila karatasi iliyotoka tuliihesabu kwa mkono na kuiandika, kisha jioni tulilinganisha daftari na hesabu ya seva. Bila daftari hilo tungeamini kila kitu ambacho seva inasema.

5. Tuliona nini

Mambo mengi yalikwenda vizuri, lakini mawili yalitushitua.

La kwanza: kwenye foleni kila mtu aliweza kuona kichwa cha kazi ya mwenzake. Siku moja mwalimu alituma maswali ya kujaribu, na sisi wote tukasoma kwenye kioo jina la somo, darasa na sura ya kitabu. Tungekuwa kwenye wakati wa mitihani, siri ingekuwa imetoka bila mtu kuiba karatasi hata moja. Kosa hili lilirekebishwa kwa kubadilisha mpango wa seva, na sasa kila mmoja anaona kazi yake tu.

La pili ni zito zaidi. Katika juma la pili seva iliandika kwamba mwenzetu mmoja ametoa kurasa 96. Yeye alisema ametoa 48. Tukiwa wakweli, tuseme kwamba wachache kati yetu walimsadiki. Mmoja alisema: "Mashini haina sababu ya kusema uongo." Tulifungua daftari. Daftari lilisema 48. Tulitazama saa: kuriani ilikatika siku ile wakati kazi yake ilikuwa karibu kuisha. Iliporudi, seva iliona kazi haijafungwa, ikaituma tena tangu mwanzo na kuhesabu mara ya pili. Mwenzetu alikuwa amekwisha kupokea karatasi zake na kuondoka. Na zile 48 zingine? Sekretari alizikuta kwenye sahani ya imprimanti, akafikiri ni za kutupwa, akazitia kwenye sanduku la karatasi za kuandikia upande wa pili. Tulizitafuta, tukazipata.

Ndugu wasomaji, tulinyamaza kwa haya. Kama programu ingefunguliwa tangu siku ya kwanza, bila daftari, mwenzetu angelipishwa, au angeitwa mwizi mbele ya wote. Na kuriani ya Goma munaijua.

6. Mashini inaposingizia mtu

Musifikiri kwamba hili ni jambo dogo la shule. Uingereza ilipatwa na msiba wa namna hiyo. Kuanzia mwaka 1999 ofisi za posta za huko zilitumia programu ya hesabu inayoitwa Horizon, ya kampuni ya Fujitsu. Programu ilionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwapo. Wasimamizi wa posta ndogo za mitaa na vijiji walisema: "Hatukuchukua kitu." Waliambiwa kwamba hesabu ya mashini ni kweli. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Wengine waliingia gerezani, wengine walipoteza nyumba zao. Desemba 2019 mahakama ya London ilikubali kwamba programu ile ilikuwa na makosa, na ni mwezi wa Mei 2024 tu ndipo Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja. Miaka mingi ilipita. Kuna waliokufa wakiwa wangali na jina la mwizi.

Kosa la kwanza lilikuwa katika programu. Kosa la pili lilikuwa katika watu, waliokataa kusikiliza mtu kwa sababu mashini imekwisha kusema.

7. Sasa tunaomba nini

Kwanza, muwe na subira. Tutajaribu tena majuma mawili, sababu watengenezaji wametutumia marekebisho ya lile kosa la kuriani. Lazima tukate kuriani mara nyingi na kuona kama hesabu inabaki sawa.

Pili, daftari la biro halitatupwa. Litabaki mpaka mwisho wa mwaka, kusudi yeyote asiyekubali hesabu ya seva apate mahali pa kulinganisha.

Tatu, mutakapoanza kuitumia, muandike kosa lolote mutakaloona: siku, saa, ulifanya nini, kulitokea nini. Kusema "mashini ni mbaya" hakutusaidii. Kusema "saa nne nilituma kurasa tatu, zikatoka mbili, nayo imehesabu tatu" kunatusaidia sana.

Nne, hapana mtu atakayeitwa mwizi wa karatasi kwa neno la seva peke yake. Hilo tuliliomba kwa wakubwa wa shule, nao wamelikubali.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye lazima aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa akishindwa kumaliza. Sisi tuliketi na kuhesabu karatasi. Ni kazi ndogo, lakini kwa ajili yake mwenzetu mmoja anatembea kiwanjani leo bila haya.

Mwenye swali atukute baada ya ibada ya asubuhi.