Kinjeketile wa Kweli na Kinjeketile wa Mchezo

Wasikilizaji wetu, vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, havikupiganwa hapa Nkunga. Vilipiganwa mashariki yetu, Ubena na Ungoni, na mbele hata Umatumbi. Vijana wetu huvisoma katika mchezo wa Kinjeketile, alioutunga Ebrahim Hussein, ukapigwa chapa mwaka 1969. Wakiisha kusoma huuliza: Je, ndivyo ilivyokuwa?

Sivyo, wala mtungaji hakuficha jambo hilo. Kinjeketile wa kweli, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wadachi huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Hakuiona tarehe 30 Agosti, watu walipoliendea boma la Mahenge wakaangushwa kwa bombomu. Yule wa mchezo huishi hata kuona kushindwa, akatakiwa kifungoni akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Akikiri, watoto watakaozaliwa wataambiwa baba zao walipigania uongo. Asipokiri, wengine watazidi kufa kwa kuyaamini. Maiti haulizwi swali hilo. Ndiyo sababu mtungaji alimwongezea siku.

Desturi hii ni ya kale. Huko Uskoti, yapata mwaka 1375, John Barbour alitunga utenzi wa vita vya uhuru wa nchi yake, akawafanya mfalme Robert Bruce na babu yake kuwa mtu mmoja. Twaona Hussein alitenda haki zaidi, maana alitangaza kwamba mtu wake ni wa kuwaziwa.

Basi mwalimu afundishaye mchezo huu na aandike ubaoni tarehe zile mbili, kabla watoto hawajafungua kitabu.