Daftari la Ghala na Usalama wa Kompyuta

Askari aliyepata kushika zamu katika ghala la silaha anaijua amri ya kwanza ya kazi hiyo: kisichoandikwa daftarini hakiingii wala hakitoki. Amri hiyo sasa ni ya lazima pia kwa mafundi waundao programu za kompyuta.

Fundi wa leo haandiki programu yote kwa mkono wake. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa, viitwavyo maktaba, akaviunganisha na kazi yake. Vingi hutoka katika maghala ya hadhara yaliyo kwenye intaneti. Vingine ni mali ya shirika lake tu. Chombo cha kujengea programu, kama vile Maven, hutazama kwanza ghala dogo lililomo ndani ya kompyuta yenyewe, ndipo kitafute nje. Hapo pana hatari mbili.

Ya kwanza ni uficho. Fundi akiweka maktaba katika kompyuta yake bila kuiandikisha, kazi hujengeka kwake tu. Kwa mwenzake chombo hukwama. Siku mashine hiyo ikiharibika, hakuna ajuaye kilichokuwamo.

Ya pili ni kubwa zaidi. Mwezi wa Februari 2021, mtafiti Alex Birsan alieleza jinsi alivyopata majina ya maktaba za ndani za mashirika makubwa, akaweka katika maghala ya hadhara maktaba zake zenye majina hayo hayo, ila kwa namba kubwa zaidi za toleo. Baadhi ya vyombo vya ujenzi, vilipoona namba kubwa, vilimpokea mgeni na kumwacha mwenyeji. Kwa njia hiyo aliingia katika mashirika zaidi ya 35, yakiwamo Apple na Microsoft. Yeye alikuwa akipima ulinzi, na mashirika yakamlipa tuzo. Lakini adui naye angaliweza kupita mlango ule ule. Ni sawa na mlinzi wa lango kumpisha mtu kwa sababu tu ya cheo alichojivika begani.

Dawa yake si ngeni kwetu. Maktaba za ndani ziwekwe katika ghala moja la shirika, si mfukoni mwa fundi mmoja. Jina, toleo na alama ya uhakiki ya kila maktaba viandikwe katika faili linalotunzwa pamoja na programu. Chombo kiamriwe kwamba majina yetu yatoke katika ghala letu tu. Kisha programu ijengwe katika mashine tupu, ili upungufu ujulikane mapema.

Siku hizi majalada ya upelelezi na orodha za askari hutunzwa pia katika kompyuta. Kwa hiyo mkuu wa kituo anayekabidhiwa programu mpya hana budi kumwuliza fundi swali lile lile amwulizalo mtunza ghala: daftari liko wapi? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.