Msumeno wa Kukatia Mfuo wa Mkia wa Njiwa

Bao la meza lililo pana hupindika upesi. Wakati wa masika huvimba, wakati wa kaskazi hunywea, na ukilikaza kwa misumari upande wa chini huenda likapasuka, maana limezuiwa kujongea. Kwa hiyo seremala hodari hukata mfuo chini ya bao, kuvuka nyuzi za mti, akauacha mdomo wake mwembamba na ndani mpana. Kisha huchonga taruma lenye umbo la mkia wa njiwa, akalisukuma liingie kutoka ubavuni bila gundi. Taruma hulinyosha bao, nalo bao laweza kuvimba na kunywea lipendavyo.

Basi kazi yote yategemea kuta mbili za mfuo, nazo hukatwa kwa msumeno. Je, tuchague msumeno gani?

Kwanza tazama meno. Meno ya kupasulia, yaliyochongwa mfano wa patasi ndogo, hayafai hapa, maana hurarua nyuzi. Yatakiwa meno ya kukatia, yaliyonolewa hanamu kama visu, nayo yawe madogo, 12 au 14 katika inchi moja. Tena yasiwe yamepindwa sana kulia na kushoto. Wengi hupenda msumeno uliopindwa sana kwa kuwa huenda upesi. Huenda upesi kweli, lakini mkato huwa mpana, na meno hukwaruza kigongo cha kuongozea.

Kigongo hicho ni kipande cha mti mgumu kilichorandwa hanamu, mathalani sehemu 1 kwa kimo cha sehemu 8. Hukazwa juu ya mstari, na bamba la msumeno huegemea hapo, ili kuta zote mbili zipate mwinamo mmoja. Macho peke yake hayatoshi.

Msumeno wenye mgongo wa shaba au chuma haupindi, nao watosha kama mfuo watokeza pande zote mbili. Wajerumani wanao msumeno wa kazi hii tu: bamba fupi lililotiwa katika kipande cha mti chenye mpini. Wajapani wanao mwingine mfupi, ambao ukingo wake wenye meno umebinuka, hata waweza kuanza kukata katikati ya ubao. Asiye nao, akitaka mfuo unaokomea njiani, na achimbe kwanza kwa patasi pale unapokomea, ncha ya msumeno ipate nafasi.

Kina kisizidi theluthi ya unene wa bao. Chora alama yake juu ya bamba la msumeno, kisha jaribu katika kipande cha mti usichokihitaji. Taruma likiingia kwa mkono hadi nusu, na nusu iliyobaki ikataka nyundo, ndipo ulete bao lako la mvule.